Alifungiwa stoo siku ya kengele, sasa Mama Ngazi ndiye mwalimu

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo la utawala la chuo kikuu, mwanamke mwenye sare ya bluu ya usafi amesimama mbele ya watu wapatao ishirini, na mbele yao kiti kimoja kimelazwa sakafuni.

“Hiki ni nini?” anauliza.

“Kiti kimechoka,” anajibu mtu wa nyuma, na chumba kizima kinacheka.

“Hiki ni mwenzako, kaanguka mlangoni, na kengele inalia. Unamruka au unambeba?”

“Inategemea ni nani, mwalimu,” anadakia karani wa uhasibu, na kicheko kinaanza upya.

Kazini wanamwita Mama Ngazi, kwa kuwa kwa miaka tisa amesafisha ngazi za jengo hili kutoka juu hadi chini. Leo hakushika ufagio. Anafundisha usalama wa moto, mojawapo ya mafunzo ambayo kila mwajiriwa wa chuo analazimika kuyamaliza kila mwaka. Nyuma kabisa ameketi afisa mafunzo, mama mwenye miwani na uso usiosema lolote. Yeye ndiye atakayeamua leo kama msafishaji huyu anafaa kuwa mkufunzi.

Akifaulu, chuo kitamwajiri moja kwa moja, maana wakufunzi wa ndani lazima wawe waajiriwa. Akishindwa, anarudi kwenye mkataba wa kampuni ya usafi, wa mwaka mmoja mmoja, na mshahara ambao nusu yake inamezwa na kodi ya nyumba kabla hajanunua hata kipande cha sabuni.

“Tangu jana moyo unanidunda kama wa bibi harusi,” alikuwa amenong’ona kabla ya kuingia. “Mume wangu kaniambia, ‘Usiwaogope hao. Na vyeo vyao vyote, wakisikia moto watakimbia kama kuku.’”

Mafunzo ya lazima hayana wapenzi wengi hapa. Usalama wa data, mgongano wa maslahi, kuzuia unyanyasaji kazini: yote hutazamwa kwenye simu au kompyuta, na asiyemaliza kwa wakati hufungiwa barua pepe. Basi watu wamebuni ujanja wao. Simu inawekwa kwenye droo, video inazungumza humo peke yake, mwenyewe anaendelea na kazi. Ikiuliza “Bado upo?”, droo inafunguliwa, kidole kinagusa, droo inafungwa.

“Droo yangu imehitimu mara nne,” anasema karani bila haya.

Hata hivyo, somo moja lilimwingia barabara: usitoke ofisini bila kufunga mlango kwa ufunguo, mafaili ya watu yasije yakaonwa na wasiohusika. Ndiyo maana mwaka jana, kengele ya moto ilipolia kwa zoezi, alitoka, akafunga mlango kwa ufunguo kama alivyofundishwa, akateremka na wenzake.

Nyuma ya ofisi hiyo kuna stoo ya mafaili, isiyo na njia nyingine ya kutokea ila kupitia ofisini. Ndani ya stoo alikuwemo Mama Ngazi, anafuta rafu.

Hakujua kuwa ni zoezi. Taarifa ilikuwa imetumwa kwa barua pepe za waajiriwa, na wasafishaji wa mkataba hawana barua pepe za chuo.

“Nilijua ndiyo basi,” anasema. “Nikamkumbuka binti yangu. Halafu nikakumbuka nguo nilizoanika. Ajabu, eh? Mtu anakufa, anawaza nguo.”

Huko nje, wakuu walikuwa wakipongezana kwa zoezi lililokwenda vizuri. Karani aliinua macho, akaona uso kwenye dirisha la stoo.

“Nilipanda zile ngazi sijui kwa miguu ya nani,” anasema. “Nilimkuta kaketi chini, kakumbatia ndoo.”

Baada ya hapo chuo kiliamua kwamba somo la moto lifundishwe ana kwa ana, na kila ghorofa iwe na mkufunzi wake. Kozi ya wakufunzi haikuwa ya lazima. Iliwekwa kwenye kundi la mafunzo yanayopendekezwa, yale ambayo watu huyasifu kwa maneno na kuyakwepa kwa vitendo. Tangazo lilisema inamhusu yeyote anayefanya kazi ndani ya jengo. Mama Ngazi alilisoma akiwa anafuta vumbi la ubao wa matangazo, akaenda na kitambaa chake mkononi hadi ofisi ya mafunzo.

“Nilimuuliza, ‘Kwa nini wewe?’” anakumbuka afisa mafunzo. “Akanijibu, ‘Kwa sababu najua kulivyo ndani wakati nyinyi mko nje.’ Nikaandika jina lake.”

Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi cherehani, aligeuka mwanafunzi wake wa kwanza na mkorofi kuliko wote.

“Ananiuliza, ‘Mwalimu, na kama nipo bafuni?’ Nikamwambia, toka na taulo. ‘Na kama taulo liko kwenye kamba?’ Nikamfukuza darasani.”

Leo darasa linasonga, mpaka katikati, anapofika mahali pa mlango uliofungwa, maneno yanamtoroka. Anatazama dirisha, anatazama viatu vyake. Afisa mafunzo anaandika kitu.

“Mgongo wa mkono, mwalimu,” karani anasema taratibu.

“Ahsante, kaka.” Anavuta pumzi. “Unaugusa mlango kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usifungue. Ukiwa baridi, fungua uite: kuna mtu? Usiishie kuita. Ingia utazame. Ukitoka, rudishia mlango, lakini ufunguo uache mfukoni!”

Kisha anawaruhusu wakanywe chai na kurudi mezani kwao. Kengele italia wakati wowote, anawaambia. Jambo moja hawaambii. Kila mkufunzi mpya huchagua namna ya kuthibitisha kwamba wanafunzi wake wameelewa, naye amechagua hivi: wakati watu wako kwenye chai, afisa mafunzo anaingia kwenye ile stoo ya mafaili na kukaa kimya. Wakimsahau humo, mwalimu amefeli.

Kengele inalia.

Mama Ngazi yuko chini, kwenye majani mbele ya jengo, mikono ameifumbata kifuani. Watu wanamiminika. Hakuna aliyepanda lifti. Katibu muhtasi mmoja anatoka na mkoba wake begani.

“Mkoba, dada!”

“Mama, humu mna maisha yangu!”

Wahasibu wanatoka. Mmoja, wawili, watatu. Mlango unabaki mtupu. Mama Ngazi anafumba macho, midomo inacheza.

Ndipo zinasikika hatua, na sauti ya karani inatangulia mwili wake: “Pole pole bosi, ngazi hizi zina utelezi, mwalimu wetu kazisugua!” Anatokea, na nyuma yake afisa mafunzo, vumbi kwenye miwani, anacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Niliita, kimya,” karani anahema. “Nikaingia. Kumbe bosi kakaa nyuma ya rafu! Na wakati wa kutoka, wallahi, mkono ukaenda mfukoni wenyewe kutafuta ufunguo. Nikauchapa kofi.”

Afisa mafunzo anafuta miwani yake. “Ule mkoba tutauzungumza,” anasema. “Lakini mwalimu amepita. Mwezi ujao anaanza kama mwajiriwa wa chuo.”

Mama Ngazi anapiga kigelegele mpaka madirisha ya jengo la jirani yanafunguliwa. Kisha anampigia mumewe simu, anashindwa kuongea, anampa karani aongee badala yake.

Mipango yake tayari anayo. Chuo kimekubali kwamba sasa wasafishaji wa mkataba nao wafundishwe, na Jumatatu atakutana nao wote kabla ya zamu.

“Unajua siku ile mle stoo nilifanya nini?” anauliza, macho yamemjaa maji na kicheko kwa pamoja. “Nilibisha hodi. Kengele inalia, nimefungiwa, na mimi nabisha hodi kwa adabu! Kwa sababu sisi tumezoeshwa hivyo, usiwasumbue wenye ofisi.”

Anatikisa kichwa.

“Kwa hiyo Jumatatu somo la kwanza ni kupiga kelele. Mmoja mmoja, kwa sauti yote aliyopewa na Mungu: nipo huku! Watapiga mpaka niseme inatosha. Na sitasema upesi.”