Nilivyomtuza Mshairi wa Kihindi Mbele ya Wasomi

Wenzangu, haya ninayowaandikia yananitia aibu hata leo, nikiyakumbuka nafunika uso kwa upande wa kanga ijapokuwa chumbani niko peke yangu.

Mwaka ule mwanangu Hemedi, mfanyabiashara wa nguo, alinichukua kutoka Tanga akaniweka naye Guangzhou, China, mtaa wa Sanyuanli, ghorofa ya tisa, yeye asubuhi yuko masokoni au bandarini Huangpu kupakia kontena, mimi nabaki na dirisha. Mlinzi wa mlangoni nikimsalimu ananijibu "meiyou", yaani hamna (nadhani alifikiri naomba kitu). Mtu wangu alikuwa mmoja, mjukuu wangu Rukia, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule kule kwa ufadhili, akija kila Alhamisi kula wali wangu, na hizo Alhamisi ndizo nilizokuwa nikiishi.

Basi Alhamisi moja akasema haji, mshairi kutoka India anakuja kuhadhiri chuoni, na profesa wake amemchagua yeye kumkaribisha mgeni jukwaani. Nikasema nami nakwenda.

"Bibi, ni Kiingereza mwanzo mwisho."

"Nitatazama."

"Na utakaa kimya?"

"Kama maiti."

Ukumbini akaniweka nyuma. Kosa langu lilianzia hapo, maana nyuma sikuona kitu, nikasogea, nikasogea, hata nikakaa kiti cha mbele kabisa. Yule mzee (mwembamba, koti la kijivu, nywele nyeupe pe) alisema Kiingereza chake, mimi nasinzia, halafu akavua miwani akaanza kughani kwa lugha ya kwao. Jamani, maneno sikuyajua, lakini sauti niliifahamu, kwa kuwa Kantabai, Mhindi fundi cherehani jirani yetu Tanga, alikuwa akighani hivyo hivyo huku akikata vitambaa, na tangu nifike China hakuna kilichonigusa kama ile sauti. Nikageuka kutazama ukumbi, wanafunzi wote kimya, wanaandika. Kwetu mtu akighani vile asiitikiwe wala asituzwe, amedharauliwa. Nikamwonea huruma, katoka mbali, na yuko peke yake.

Nikainuka. Nikapiga kigelegele kimoja kirefu, nikafungua pindo la kanga nikatoa noti ya yuan kumi, nikamwendea kwa madaha, mkono juu, nayumba kama niko harusini, nikamchomekea mfukoni mwa koti. Wanafunzi wakadhani ndivyo ratiba ilivyo, wakapiga makofi, wawili wakaja nyuma yangu na noti zao, nami nikizunguka kurudi mguu ukanasa kwenye waya wa kipaza sauti, waya ukavuta meza, chai ikamwagikia karatasi zake zote.

Makofi yakakatika. Rukia akaja akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Bibi, anamlilia mama yake. Mama alikufa yeye akiwa ugenini, hakumzika."

Mshairi alikuwa akifuta karatasi kwa leso, moja moja. Profesa akafunga mkutano.

Kwenye basi Rukia alitazama nje njia nzima, akanifikisha mlangoni, akaondoka bila kuingia. Alhamisi iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Nikapika wali wa watu wawili, nikala wa mmoja, Hemedi akala kiporo asubuhi hata asiulize. Nikajiambia, Mwanaisha wee, umemtuza mgeni, wako umempoteza.

Ya tatu akagonga. Akala mpaka sahani ikabaki nusu.

"Ningekwambia mapema kuwa ni shairi la msiba, usingeinuka," akasema.

"Ningeinuka, ila ningekwenda kulia naye."

Akaniangalia, akacheka mpaka wali ukampalia, nikawa nampiga mgongoni.

"Na profesa je?"

"Siku hizi hajui jina langu, bibi. Ananiita mjukuu wa yule."

Nikamwomba radhi, akanisamehe, na mimi nikaapa: kabla sijapiga kigelegele mahali pasipo kwetu, nitamuuliza aliye jirani yangu, hii ni furaha au ni msiba. Na kama jirani hanielewi, nakalia mikono yangu.