Sala ya Barazani

Namshukuru Mungu aliyenijalia uzee na meno ya kuchekea, maana juma lililopita nilichekwa hata na watu nisiowajua.

Mjukuu wangu Nakijwa alitaka kusomea ushonaji chuoni Same, akae bweni. Mimi nikashikilia asome kwa mtandao, hapa hapa mlimani. "Mjini kuna vishawishi," nilimwambia, nikaongezea na Maandiko. Akakubali kujaribu somo moja kabla ya kuamua.

Siku hiyo alifungua darasa kwenye simu, akaiegemeza barazani penye mtandao, akaingia ndani kutafuta mkasi. Nikamsikia mwalimu akisema, "Haya, tuanze." Mimi ni mzee wa kanisa, na kwetu hata kikao cha kugawana maji ya mfereji hakianzi bila sala. Tena simu ile niliichukulia kama redio, kwamba huleta maneno tu, haiyapeleki. Nikavua kofia, nikaomba kwa sauti:

"Bwana, wewe wajua si vishawishi. Binti ana akili kuliko sisi sote. Ila akienda Same nitabaki peke yangu, na makande yangu huungua kila mara. Fanya akose nafasi bwenini."

Kisha simu ikasema, "Amina, babu. Shikamoo. Darasa zima tumekusikia."

Nikageuka. Nakijwa alikuwa mlangoni, mkasi mkononi, anacheka huku anafuta machozi.

"Kumbe ni makande, babu? Basi nitakufundisha kabla sijaondoka."

Nawe unayesoma, Mungu akubariki, awatunze uwapendao hata wanapokwenda mbali.