Watoto Sita, Majina Matano

Mkasi niliusikia kabla sijaona chochote. Ulikuwa ukikata karatasi upande wa pili wa pazia, polepole, ukisimama kila ulipofika pembeni, halafu ukigeuka na kuendelea. Nilipofungua macho giza lilikuwa bado limejaa chumbani. Mwanga pekee ulikuwa wa koroboi, umepenya chini ya pazia na kuishia kwenye miguu ya kitanda changu. Nilijua ni mama. Nilijua pia anachokata, kwa maana alikata kitu kile kile karibu kila alfajiri kabla ya kwenda kazini: matangazo ya vifo.

Mama alikuwa akifagia ofisi moja mjini, na magazeti ya jana alipewa ayabebe nyumbani. Mtaa wetu mzima wa Jericho, Nairobi, ulitandika magazeti kwenye rafu za vyombo, ila ya kwetu yalikuwa na matundu. Ungeinua sufuria ukakuta dirisha la mraba mahali alipokuwa mzee fulani mwenye tai, au mama fulani mwenye kilemba cheupe. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba wamepita humo, wakaingia ndani ya ukuta. Sikupenda kutumwa kikombe.

"Panya wa kwenu wamesoma sana," rafiki yangu mmoja aliniambia siku alipokuja kuomba chumvi. "Wanakula gazeti na rula."

Waliokatwa hawakuwa jamaa zetu, isipokuwa wachache. Mama aliwasoma wote. Alipita haraka kwenye maisha ya marehemu, kazi yake, ugonjwa wake, akafika palipoandikwa "baba wa" au "mama wa", na hapo kidole chake kilipunguza mwendo. Kilishuka jina kwa jina. Midomo yake ilitikisika. Alikuwa akihesabu watoto wa watu.

Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwepo siku ilipoanza.

Nilikuwa na miaka tisa babu alipofariki. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa Ukambani, na nyumba yake ya kupanga ilikuwa mistari mitatu ya nyumba kutoka kwetu. Mama yangu alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa na mwanamke mwingine huko kijijini, mwanamke aliyefariki mapema. Babu alimleta Nairobi akiwa na miaka minne, ameketi katikati ya magunia ya mkaa, akamkabidhi kwa mke aliyemwoa mjini. Huyo ndiye niliyemjua kama nyanya. Akazaa watano wengine, mkubwa wao mjomba wangu.

Kanisani, kabla ya jeneza kupelekwa nyumbani Ukambani, ulisomwa wasifu wa marehemu. Ulikuwa na desturi yake. Watoto walisimama mbele kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kila aliyetajwa alipiga hatua moja mbele ili watu wamwone. Chifu wa kijijini kwetu aliketi kiti cha mbele, maana kilichosomwa pale mbele yake kilikuwa kama ushahidi. Siku ya kugawa shamba, watu wangekumbuka nani alisogea.

"Alibarikiwa watoto sita," msomaji akasema, "ambao ni..."

Mama alikuwa ameshapiga hatua.

Jina lililofuata lilikuwa la mjomba. Mjomba akasogea. Kisha wa tatu, wa nne, mpaka wa mwisho. Mama alibaki pale mbele, hatua moja kutoka kwenye mstari wake wa zamani, mikono ameifumba tumboni, na hakuna aliyemtaja. Hakurudi nyuma. Alisimama hivyo mpaka wimbo ulipoanza. Hatukwenda kuzika. Kuanzia siku hiyo tulipokwenda sokoni tulizunguka kwa barabara ya mbali ili tusipite mbele ya nyumba ya babu.

Siku moja nilivunja chupa ya taa, na katika hasira yake mama aliniambia sababu. Alipopata mimba yangu bila mume, babu alimwambia, "Kwangu usihesabiwe tena." Na kila mtu alijua kwamba babu, alipoona mwili unamshinda, alikwenda mwenyewe kuandikisha wasifu wake. Kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa mwanawe. Na aliyesababisha ni mimi. Mama hakulirudia neno hilo, lakini nililala nalo miaka kumi na zaidi. Wakati mwingine, mama akiwa amesimama mbele ya jiko mgongo umenielekea, nilimwona bado yuko kanisani, akingoja.

Nilipofika miaka ishirini nilikuwa katika kikundi cha vijana waliosomeana hadithi zao Jumamosi katika ukumbi wa mtaa. Hadithi yangu moja ilikuwa imetoka katika jarida dogo, na mtaa mzima ulikuwa umesikia, hata wale wasiosoma. Ndiyo maana Jumanne moja mjomba alipiga hodi.

Hakuwahi kuingia kwetu. Alitazama kitanda, pazia, rafu.

"Mama yako yuko?"

"Yuko kazini, mjomba."

"Afadhali." Akaketi. "Nyanya yako ametutoka jana."

Nilimpa pole. Aliipokea kwa kutikisa kichwa, kisha akatoa karatasi mfukoni.

"Nasikia unaandika."

"Najaribu."

"Basi jaribu na hii. Tuandikie wasifu wa mama. Uwe mzuri, wa kuliza watu, lakini usizidi ukurasa mmoja. Pasta ana mazishi mawili siku hiyo." Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na majina. "Watoto watano," akasema, akinitazama usoni. "Kesho jioni tuna mkutano pale nyumbani. Ulete tuusome."

Mama alirudi akiwa tayari amesikia habari sokoni. Nilimwonyesha majina. Aliyasoma kwa kidole chake, akanirudishia.

"Andika ulivyoambiwa," alisema. Hakula usiku huo.

Asubuhi, alipoondoka, niliketi na kalamu na sikujua pa kuanzia. Sikuwa nimewahi kuandika maisha ya mtu aliyeishi kweli. Nilitaka kielelezo, basi nikavuta lile kopo la biskuti chini ya kitanda chake, alimoweka vipande vyake. Wafu wote walikuwa humo, wamefungwa kwa uzi kwa mafungu. Walinuka mafuta ya taa. Niliwasoma mmoja mmoja, na taratibu nikaanza kutambua ukoo wetu uliotawanyika kati ya wageni: ndugu yake babu, fundi seremala, dada yao aliyeolewa mbali, binamu aliyegongwa na gari. Katika kila tangazo watoto wa babu walitajwa, na kila mara walikuwa watano. Mama alikuwa amewakata na kuwatunza, ushahidi baada ya ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Chini kabisa, umekunjwa mara nne, ulikuwa wasifu wa babu. Ule wa kanisani. Nilikuwa nimeusikia, sikuwa nimeuona. "Alibarikiwa watoto sita, ambao ni", halafu pengo jeupe lenye upana wa jina zima, halafu jina la mjomba.

Niliinua karatasi dirishani. Pengo lilikuwa tupu. Lakini mtu hataji watoto sita akiwa na nia ya kuwahesabu watano.

Aliyepiga chapa wasifu za marehemu wa mtaa wetu alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu, mwenye kibanda nyuma ya soko la Jericho, kati ya fundi viatu na mama wa maharagwe. Alikuwa na taipureta na mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Nilimkuta akipangusa wino vidoleni.

"Wewe ndiye yule mwandishi," alisema. "Unaandika nini, barua za mapenzi?"

"Hadithi, mzee."

"Sisi wawili tuna kazi moja. Mimi pia naandika hadithi. Hakuna mlevi aliyewahi kufa kwenye mashine hii. Wote walikuwa wacha Mungu na walipenda wageni."

Nilimpa karatasi ya babu. Alivaa miwani, akasoma, akaacha kucheka.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilimwambia. Nje fundi viatu alikuwa akigonga msumari.

"Babu yako alikuja mwenyewe," alisema. "Alikuwa amekonda sana. Aliketi hapo ulipoketi, kofia magotini, akaniambia niandike na nisiongeze chumvi. Tulipofika kwa watoto alisema, wa kwanza ni binti yangu. Akataja majina yake yote mawili. Nikamsikia, nikaandika. Hakutaja kingine juu yake. Akaendelea na wa pili."

"Nani alimtoa?"

"Mzee alipofariki, mwanawe, huyo mjomba wako, alikuja kuchukua kazi. Stensili ilikuwa tayari. Unaijua stensili? Ni karatasi ya nta. Herufi zinaitoboa, wino unapita kwenye matundu. Kijana akaisoma, akaweka kidole, akasema, huyu toa. Nikamwambia mzee alisema mwenyewe. Akaniambia, mzee amekufa." Alivua miwani. "Kuna dawa nyekundu, unaipaka kwa brashi, inaziba herufi. Nikapaka."

"Lakini uliacha sita."

"Ningependa kukwambia niliacha kwa makusudi, ungeniona mtu mwema. Nilisahau. Kijana amesimama begani mwangu, mazishi ni kesho. Nilifuta jina, hesabu sikuigusa."

Aliinuka akavuta katoni ya sabuni kutoka chini ya meza. Kila kazi aliyochapa, alieleza, alibaki na nakala moja, ile ya mwisho kabisa, kwa sababu kufikia hapo karatasi huwa chafu na familia hazitaki uchafu. Alitafuta muda mrefu. Nilitazama karatasi zikipita chini ya vidole vyake, mtaa mzima wa watu waliowahi kunisalimu.

"Chupa ya dawa ilikuwa inakaribia kuisha," alisema, akinikabidhi. "Nilipaka nyepesi. Ukizungusha mashine sana, dawa inachoka."

Ilikuwa ni karatasi ile ile, yenye maneno yale yale. Lakini baada ya "ambao ni" hapakuwa na pengo. Jina la mama lilikuwa limeanza kutoka. Lilikuwa la kijivu, na herufi mbili za katikati hazikuwa zimefika, ila lilisomeka. Lilikuwa limekuja kidogo kidogo, nakala baada ya nakala, wakati mama yangu akikata vitambaa vya maombolezo nyumbani bila kujua lolote. Nilimwuliza kama naweza kuondoka nayo.

"Imekaa sana hapa," alisema. "Mwambie mama yako..." Akafikiri. "Mpe tu."

Mama alirudi saa kumi na nusu. Nilikuwa nimeiweka mezani, kando ya wasifu wa nyanya niliouandika niliporudi, wenye watoto watano. Hakuvua koti. Aliisoma amesimama, kidole kikishuka kutoka juu kama kawaida yake, na kilipofika pale kikasimama, hakikuendelea.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza bila kuinua macho.

"Kofia aliiweka wapi?"

"Magotini."

"Ndiyo. Hakuwahi kuiweka chini." Aliketi kitandani. "Na mimi alinitaja jina moja?"

"Yote mawili."

Majirani walikuwa wakichota maji, ndoo zikigongana. Mama aligusa herufi zile za kijivu kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, kana kwamba zingeweza kurudi ndani.

"Na mimi nikakwambia ni wewe," alisema.

Aliukunja wasifu wa babu, akauingiza kifuani ndani ya nguo, kisha akanyoosha mkono apewe ule nilioandika mimi. Aliusoma wa nyanya mpaka mwisho, maisha yote ya ukurasa mmoja.

"Niandike sita?" nilimwuliza.

"Hapana. Alizaa watano. Usimdanganyie marehemu." Akawaza. "Lakini alinifundisha kusuka kiondo. Nilipougua surua hakulala. Sikumpenda, na yeye hakunipenda sana, lakini aliniogesha. Andika alizaa watano, akalea sita. Halafu utaje wote, nami niwe wa kwanza."

"Mjomba atakataa, mama."

"Atakataa nikiwa nimesimama mbele yake."

Niliandika upya. Mwandiko wangu haukuwa mzuri, nikarudia mara mbili, naye akangoja bila kunihimiza. Nilipomaliza nikainuka kutafuta viatu vyangu.

"Wewe baki."

"Mkutano umejaa wanaume. Watakuuliza umefuata nini."

"Ukija watasema nimeleta askari wa kudai shamba. Nakwenda kusoma, basi. Karatasi moja." Alijifunga kitambaa kichwani mbele ya kipande cha kioo kilichotundikwa ukutani, akakifungua, akakifunga tena, safari hii chini zaidi, kama wanawake wanaokwenda msibani. Aliniuliza kama kimekaa sawa. Nilimwambia kimekaa sawa.

Sikujua kama wangemwacha amalize kusoma, au hata kama wangemwacha aingie. Nilitaka kumwambia apite ile barabara ya mbali, apate muda wa kutulia. Lakini alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, midomo ikimtikisika, na nilisikia anachofanyia mazoezi: jina lake, yote mawili, kwa sauti ya mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza. Akaniangalia mara moja, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.