Pindo la Mjukuu

Mama yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Sare za shule huzishona na pindo pana kuliko fundi yeyote, ili mtoto akirefuka mzazi alifumue na kulishusha badala ya kushona nguo mpya. Wateja humtania kwamba anajinyima riziki. "Mtoto anakua, kitambaa hakikui," huwajibu, pini zikiwa mdomoni. Ana mwiko mmoja tu: hakati kitambaa asichokuwa na hakika ya kukimaliza.

Ndiyo maana kitambaa cha buluu cha sare ya mwanangu anayeanza darasa la kwanza kilikaa kimekunjwa juu ya cherehani tangu mama alipotolewa mfuko wa uzazi. Hedhi ilikuwa imekoma zamani, damu ikarudi, naye akacheka: "Ujana umenirudia." Mzaha huo ulimchelewesha kwenda hospitali, na mpaka leo nina hasira nao. Ilikuwa saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko huo.

Daktari alitueleza kwamba kwenye darubini uvimbe ulionekana mkali, ila sura peke yake haitoshi. Kipande chake kilipelekwa maabara kupimwa jeni, maana kuna uvimbe wenye sura ya kutisha na tabia ya upole. Huo ukishatolewa, ni nadra kurudi. Na kuna ule unaopenda kurudi.

Mama akaitikia kwa kichwa. "Kama kitambaa. Mpaka ukiloweke ndipo utajua kama kinachuja."

Shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye mdomo wake hauna kufuli, aliposikia neno jeni alikuja mbio. "Kwetu ugonjwa huo haupo, msije mkatusingizia!"

"Wifi," mama akamwambia, "mimi niliolewa kwenu, sikuzaliwa kwenu."

Nikamweleza shangazi kwamba kinachopimwa ni uvimbe, si ukoo. Alibaki kunywa chai, amenuna. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo uwe ule wa upole.

Majibu yalipotoka, daktari hakupindisha maneno. Ulikuwa mkali kwa sura na kwa tabia. Mama angehitaji dawa za saratani za kuingizwa mshipani na mionzi, na hata baada ya hapo unaweza kurudi. Njiani nililia kama mtoto. Mama akanipa leso. "Futa kamasi, watu watadhani mgonjwa ni wewe."

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akakikunjua kitambaa cha buluu, akachukua chaki. Nikamkumbusha mwiko wake.

"Si niliuweka mwenyewe?" alisema.

Akamwita mjukuu wake, akampima, kisha akakata sketi ndefu hata nikadhani amekosea. Pindo lilikuwa na upana wa viganja viwili.

"Mama, hili ni la miaka mingapi?"

"Litamfikisha darasa la nne."

"Na nani atakuwa analifumua?"

"Mimi." Akainuka, akanisogezea kiti chake. "Ila siku nikichoka, wewe. Kaa hapa nikuonyeshe, mishono yako inaniaibisha."

Nikakaa. Alisimama nyuma yangu, mikono yake juu ya yangu, tukakisukuma kitambaa polepole. Nikamwambia kwamba nampenda. Akaniambia nitazame sindano.