Sauti ya Mama Kinywani mwa Mtani

Juzi nilinunua kamba ya katani ya kufungia mbuzi, mpya kabisa, bado ina zile nyuzi zinazochoma kiganja. Nikainusa, kama afanyavyo mzee asiye na kazi. Ilinuka vumbi kavu, na kwa mbali uchachu wa maji ya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Nikakaa kizingitini, kamba bado puani. Mbuzi akaenda zake kula mahindi ya jirani, na maneno ya mahindi hayo hayajaisha hadi leo.

Mama yangu alinuka hivyo. Enzi za Mwingereza tuliishi kambini, kwenye shamba moja la mkonge upande wa Kilosa. Baba alikuwa Mnyamwezi, mmoja wa wale manamba walioletwa kwa mkataba kutoka mbali, na kazi yake ilikuwa kukata majani. Mama alianika katani kwenye nyaya, amejifunga gunia kiunoni ili maji yasimloweshe. Alitembea amelalia upande wa kushoto kwa kuzoea mzigo, na vumbi lilikuwa limemkausha koo, kwa hiyo kila neno lilitanguliwa na kikohozi. Jioni akitokea kwenye nyaya, kabla hata hajafika mlangoni, nilimsikia: "Mh-hm! Nyamizi we! Maji yamechemka, au bado yamelala?" Mara nyingi yalikuwa yamelala, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelala.

Nilikuwa na miaka tisa alipofariki. Uchungu wa kuzaa ulimshika asubuhi, ukakataa kwisha, wanaume wakambeba kwa machela kumpeleka hospitali mjini. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na mto umejaa. Wakakaa ukingoni wakisubiri maji yapungue. Mama hakuyasubiri. Walimrudisha na mtoto wake tumboni, na mimi nilikuwa nimeshawasha moto na kubandika sufuria, maji yanatokota kweli safari hii.

Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka kambi ya pili. Akanivuta pembeni, akanifuta uso kwa upindo wa kaniki yake. "Usilie," aliniambia. "Ukilia wewe, baba yako ataanguka. Mwanamke wa nyumba hii sasa ni wewe." Hakuwa na ubaya, na yeye aliambiwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo. Nikameza kilio. Ndugu zangu, kilio kinamezeka, ila hakishuki; kilinikaa hapa, chini ya koo.

Alasiri wakaja watani. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi na enzi, na mtani msibani ana kazi yake: hufanya mzaha, humwigiza marehemu, hujilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Kambini kwetu mtani mkuu alikuwa Bi Mwanaidi, Mzaramo mnene aliyeanika katani waya mmoja na mama. Niliwahi kumwona kwenye misiba ya wengine nikacheka mpaka mbavu zikauma. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja atatufikia sisi.

Alitokea nyuma ya nyumba amejifunga gunia la mama. Akatembea amelalia kushoto, akakohoa, akaanza kukagua vyungu vya waombolezaji na kuwakemea kwamba wamekuja kula tu. Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Hata baba, aliyekuwa ameinama tangu asubuhi, mabega yalimtikisika. Kisha Bi Mwanaidi akanigeukia mimi. "Mh-hm! Nyamizi we! Maji yamechemka, au bado yamelala?"

Nilicheka. Ilikuwa sauti yake kabisa, na kabla sijajua nilitaka kuitika "Abee, mama." Halafu nikaliona gunia, nikauona uso si wake, na hasira niliyoisikia siku ile sijawahi kuisikia tena. Nilimrukia nikamng'ata mkono. Watu wakapiga kelele kunivuta. Bi Mwanaidi hakuutoa mkono.

"Mwacheni," alisema, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Ng'ata, mtani wangu. Ng'ata, halafu ulie."

Sikulia. Niliona aibu kwamba nimecheka mama hajazikwa bado, na aibu hiyo nikamtwika yeye. Tangu siku ile sikumwamkia tena Bi Mwanaidi. Baba alinichapa kwa kumnyima mtu mzima shikamoo, lakini haikusaidia. Tulipohamia mjini Kilosa na yeye akahamia mtaa wa pili, nilikuwa nikimwona sokoni navuka barabara. Aliniita mtani, na kovu la meno yangu mkononi. Miaka mingi alikuwa jirani yangu na sauti ya mama anayo, angeitoa siku yoyote ningeomba. Sikuomba.

Alifia Mikumi, kwa mwanawe, na mimi nimeshakuwa bibi wa watu. Nilikwenda. Nadhani nilikwenda kumwamkia, kwa ujinga wangu. Mzee mmoja alipojua kabila langu akashangilia, "Mtani amefika! Haya, tuchekeshe." Wakanifunga kanga ya marehemu, wakanipisha katikati ya uwanja.

Nikatafuta mwendo wake, sikuupata. Ningeupata wapi, na nilikuwa navuka barabara? Nikatafuta msemo wake, sikuwa nao. Nilichokuwa nacho cha Bi Mwanaidi kilikuwa kimoja tu. Nikalalia kushoto, nikakohoa.

"Mh-hm! Nyamizi we! Maji yamechemka, au bado yamelala?"

Hakuna aliyecheka. Walitazamana. Mkwe wa marehemu akaniambia taratibu, "Bibi, mama hakuwa akiongea hivyo."

"Najua," nikamjibu, na ndipo kile kilichokuwa chini ya koo kikatoka. Nililia kwa sauti, bibi mzima, mpaka wafiwa ndio wakawa wananibembeleza mimi. Nilielewa mle mle katika kilio kwamba yule mwanamke hakuja kumcheka mama yangu. Alikuja kunipa nafasi ya kumlilia, nami nikamlipa meno.

Tangu hapo huwa najiigizia mwenyewe jikoni, nikiwa peke yangu. Nakohoa, naita. Lakini sijui tena kama ile ni sauti ya mama au ya Bi Mwanaidi akimwigiza mama, na hapajabaki mtu hata mmoja wa kuniambia kama nimeipatia.