Fundi Cherehani na Kocha wa Saba
Kila mara timu yetu ya mpira wa kikapu inapoajiri kocha mpya, fundi cherehani wa mtaani kwetu Medina, hapa Dakar, huzitoa kwanza pini mdomoni ndipo aanze kukejeli.

"Hongereni jamani! Huyu wa saba naye ana mpango. Wa sita alikuwa na mpango na filimbi juu!"

Jana kocha mwenyewe aliingia dukani kurefushiwa suruali. Fundi akapiga magoti, akaupima mguu ule kimya, akaupima tena. Ndiaga, muuza viatu wa jirani, akamchokoza mlangoni: "Fundi, leo ulimi umeushonea wapi?"

Fundi alimwinulia kocha macho.

"Mwanangu, tushindie hata mechi moja. Mimi nazeeka."