Maneno Aliyoambiwa Mbwa

Miaka yote nimefundisha Kiingereza sekondari huko Kilolo, na neno "scathing" nilikuwa nalipitia mbiombio. Nawaambia wanafunzi ni sifa ya lawama kali. Halitumiki kwa kila karipio; mwalimu akikufokea kwa kuchelewa kuhesabu namba asubuhi, hiyo bado. Lazima maneno yakuache umeungua. Halafu, kwa kuwa sina subira, napiga meza na kupaza sauti ili waelewe. Nilidhani ukali ni kelele. Jamani, nilikuwa sijui lolote.

Mama mkwe wangu alifariki Mbeya nikiwa nasimamia mitihani. Niliomba ruhusa, nikaambiwa hakuna wa kushika nafasi yangu, nikabaki. Nilipofika ukweni, nje kidogo ya mji, na sukari niliyonunua sokoni Mwanjelwa, matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Mume wangu alinipokea begi bila kunitazama. Nilijua kinachoningoja: baba mkwe akinikataa, pale si kwangu tena.

Mimi ni Mhehe, nimeolewa na Mnyakyusa. Kwao kuna desturi ya zamani ambayo mzee hajaiacha: mkwe wa kike na baba mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Nikajibanza jikoni. Yeye akaketi uani, upande wa pili wa ukuta wa mbao, akaanza kuongea na mbwa wake.

"Wewe mbwa," akasema polepole, kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno. "Wewe hukusoma. Huna kazi ya serikali. Lakini mama alipokufa ulilala mlangoni, ukagoma kula. Utu ulifundishwa na nani?"

Hakupaza sauti hata kidogo. Nimeshatukanwa na kufokewa maishani, na huwa narudisha palepale, lakini yale yaliniunguza. Na ningejibu nini, wakati hakuna aliyenisemesha?

Kisha hasira ikanipanda. Potelea mbali, nikajisemea, narudi kwetu Iringa. Nikachukua begi, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Mume wangu akanishika mkono, nikauvuta.

Mzee alisikia begi likiburuzwa. Akamwambia mbwa tena, kwa sauti ileile:

"Mwambie kaburi liko nyuma ya migomba. Asiondoke kabla hajafika pale. Marehemu alipokuwa anaumwa, kila akisikia mlango alikuwa anauliza, 'Ni yeye huyo, mwanangu wa Iringa?' Tunamwambia si yeye. Mpaka siku ya mwisho alikuwa anauliza."

Nikaliachia begi, nikakaa chini palepale kwenye udongo, mwalimu mzima, nikalia. Mume wangu alikuwa amesimama karibu yangu. Hakuninyanyua.